Kwetu Hakuna Ugonjwa Huo

11 Februari 1988

Wifi yangu,

Nakujulia hali kwanza, wewe na shemeji na wote wanaokalia viti vyake vya kinyozi. Sisi huku wazima, wa kujikongoja. Kaka yako bado yuko na kundi la wajenga barabara. Anarudi mwisho wa mwezi amejaa lami hadi masikioni, analala siku mbili kama gogo, anaondoka. Mimi na mashine yangu ya kufuma hatujaachana. Shule mbili zimeniletea oda ya masweta, moja bluu, nyingine kijani, na vumbi la uzi limejaa kila pahali. Hata makohozi yangu yana rangi ya sare.

Najua umeshasema, "Wifi haandiki ila ana shida." Basi umesema kweli.

Ni mwanetu Kibibi. Kwa wiki chache sasa mkono wake wa kushoto unamchosha. Unajua ile mashine ina kichwa cha kusukuma, kwenda kushoto, kurudi kulia. Anasukuma mara kumi, mkono unamfia, anauacha uning'inie kama wa mwanasesere. Mara homa, mara kizunguzungu. Nikampeleka hospitali.

Nesi alimfunga kile kitambaa cha kupimia presha, akapuliza, akasikiliza, akafungua, akafunga tena. Akamshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Hakuna kitu. Akasema kwa mzaha, "Binti, wewe umeshafariki ila hujaambiwa." Kibibi akacheka. Mimi sikucheka, na nesi alipouona uso wangu akaenda kumwita daktari.

Daktari alimpima mkono wa kulia, mapigo yapo. Wa kushoto, kimya. Akaweka kipimo chake shingoni na chini ya mfupa wa bega, akasema anasikia damu ikivuma kama upepo unaopenya kwenye ufa wa dirisha. Walimpiga picha nyingi. Wakaniambia ni uvimbe wa mishipa mikubwa ya damu, ile inayotoka moyoni kabisa. Kuta za mishipa zinavimba, njia inakuwa nyembamba, na huko mbele damu haifiki.

Nikamuuliza, "Daktari, ugonjwa huu umeletwa na nini?"

Akavua miwani. "Mama, ningekuwa najua ningekuwa mtu maarufu. Huwapata zaidi wasichana wa umri wake. Wengine wanadhani mwili umezaliwa na udhaifu fulani wa ukoo. Wengine wanashuku kwamba maradhi mengine yalitangulia, kama kifua kikuu, yakauchanganya mwili, ukaanza kuipiga mishipa yake wenyewe. Hakuna aliyethibitisha."

Kwa hiyo ana maswali, nami nakuletea yale ya upande wenu. Je, kuna mtu wa ukoo wenu aliyekufa kijana ghafla, au aliyepooza? Na kwa miaka miwili ile Kibibi aliyokaa kwako akisoma, kuna mtu mliyekuwa naye karibu aliyeugua kifua au kukohoa muda mrefu? Nijibu upesi, wifi. Kibibi anakusalimu. Anasema hakuna anayesuka nywele kama wewe.

Wifi yako

*

20 Machi 1988

Mama Kibibi,

Barua yako ilifika wakati nafua mataulo ya saluni, nikaisoma na mapovu hadi kwenye viwiko. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Huku tunashukuru. Mume wangu ameongeza kiti cha tatu na kioo kikubwa ukutani, siku hizi wateja wanajiona kutoka utosini hadi kwenye viatu. Wanapanga foleni hadi barabarani. Jirani mwenye duka la viatu amenuna, anasema nywele zinapeperuka hadi kwenye maboksi yake.

Kibibi wangu! Huyu ana jina la mama yangu, kwa hiyo ni mama yangu. Nimelia, wifi. Nilipomkabidhi kwako miezi kumi na minne iliyopita alikuwa na mashavu, anabeba ndoo mbili bila kuyumba. Sasa mkono umefia wapi? Sikusemi vibaya, lakini mtoto wa miaka kumi na saba kusukuma chuma kutwa nzima si mchezo. Mwambie huyo daktari wako aiangalie hiyo mashine kabla hajatafuta marehemu wetu.

Upande wetu, muulize mumeo. Baba alikufa na miaka themanini na moja, kwa uzee. Mama anafukuza kuku hadi leo. Sisi mapigo yetu yanasikika ukiwa uani. Labda ungeanza kuuliza kwenu. Watu wa kwenu nimewaona siku ya harusi tu, na wengine hata siku hiyo hawakuonekana.

Kuhusu kukohoa, nani asiyekohoa katika nyumba ya kinyozi? Nywele, poda, spiriti. Mume wangu hukohoa kidogo asubuhi, akifungua mlango inakwisha. Kibibi aliishi kwangu kama yai. Hakuna ugonjwa alioupata hapa.

Msalimie. Mwambie ale maini.

Shangazi yake

*

2 Aprili 1988

Wifi,

Salamu zako nimezipata, na miiba yake pia. Kaka yako yupo wiki hii, mvua imesimamisha kazi ya barabara. Anakusalimu. Masweta ya kijani nimemaliza, ya bluu bado, na sasa nasukuma peke yangu.

Daktari nimempelekea hoja yako ya mashine. Alitabasamu kidogo. Akasema kazi inaweza kuuchosha mkono uliokwisha kukosa damu, lakini haiwezi kuvimbisha mshipa. Kwa hiyo hilo tuliache.

Umeniambia niulize kwetu. Kwetu hakuna ugonjwa huo. Nimeshamwambia daktari na amekwisha andika.

Sasa nisikilize vizuri, maana barua ya kwanza labda sikuieleza sawasawa. Daktari hatafuti wa kulaumu. Anataka kumwanzishia Kibibi vidonge vya kutuliza uvimbe, vikali, vya muda mrefu. Vidonge hivyo vinaulaza ulinzi wa mwili mzima ili uache kuipiga mishipa. Ulinzi ukilala, na kama kuna kifua kikuu kilichojificha ndani bila dalili, kinaamka. Picha ya kifua chake ni safi, lakini daktari anasema picha safi haitoshi. Ile sindano ya ngozi ya kupimia imekwisha tangu mwaka jana na hawajui italetwa lini. Kimebaki kitu kimoja, kujua kama aliishi na mgonjwa. Kama aliishi naye, atampa kwanza dawa ya kinga, halafu vidonge. Kama hakuishi naye, anaanza vidonge moja kwa moja, maana kila wiki inayopita mshipa unaziba zaidi.

Nilimwambia kaka yako, "Huyu dada yako mbona hajibu moja kwa moja?" Akanijia juu. "Dada hawezi kunificha kitu kama hicho. Amenilea yule." Lakini kikohozi cha asubuhi kinachokwisha mlango ukifunguliwa, wifi, mimi sijapata kukisikia.

Shemeji aliwahi kuambiwa ana kifua kikuu, ndiyo au hapana? Neno moja linatosha. Daktari anasubiri hadi mwisho wa mwezi.

Wifi yako

*

22 Aprili 1988

Mama Kibibi,

Hatujambo.

Nyumbani kwangu hakuna mtu aliyeugua kifua kikuu, si mume wangu wala mwingine yeyote. Umeuliza na nimejibu. Neno hilo ukilitamka huku mara moja tu, hata kwa kunong'ona, kesho hakuna mtu atakayekuja kuinamisha shingo yake kwenye kiti chetu. Tafadhali usiliandike tena kwenye barua. Posta hapa kila mtu anamjua kila mtu.

Mpe mtoto dawa zake apone.

Shangazi yake

*

19 Juni 1988

Wifi yangu mpendwa,

Leo naandika kwa raha, kaa chini usome. Kibibi ameamka! Vidonge alianza tarehe ishirini na tisa Aprili, na wiki ya pili homa ikakatika. Viungo haviumi. Kizunguzungu kimekwenda. Mapigo ya kifundo cha kushoto bado hayajarudi, daktari anasema pengine hayatarudi, ila damu imejitafutia vijia vya pembeni na mkono unapata joto. Juzi alichana nywele zake mwenyewe kwa mkono uleule.

Sura imemjaa mviringo kwa sababu ya vidonge, na anakula kama wachimba mtaro. Kaka yako alipomwona alisimama mlangoni akasema, "Samahani, nimekosea nyumba." Kibibi akamrushia mto. Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kulikoni.

Nilikuandikia kwa ukali ule mwezi wa nne. Naomba radhi. Nilikuwa nimeshikwa na hofu, na hofu inanifanya niwaone watu wote waongo. Ulinijibu, nikampelekea daktari jibu lako, na tazama sasa. Nimekufumia sweta la rangi ya maziwa, nitalituma na dereva wa lori la barabara akipita huko.

Kibibi anarudi shule muhula ujao. Anataka kusomea maabara. Anasema amechoka kuchomwa sindano, sasa na yeye awachome wengine.

Wifi yako

*

9 Septemba 1988

Wifi,

Hukujibu barua yangu ya Juni. Dereva alisema sweta ulilipokea ukarudi ndani bila kumkaribisha maji. Nilishangaa. Sasa sishangai.

Mwezi wa nane Kibibi alianza kukohoa. Nikadhani ni vumbi la uzi. Halafu jasho, shuka unalikamua. Halafu Jumapili asubuhi, akiwa anapiga mswaki uani, akaniita, "Mama, njoo uone." Kwenye sinki kulikuwa na damu, nyekundu, yenye mapovu.

Tumerudi kwa daktari. Safari hii picha ya kifua haikuwa safi. Pafu la kulia, juu, kumetoboka. Kifua kikuu, na kimekimbia kwa sababu ulinzi ulikuwa umelala. Daktari hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alifungua faili akaniwekea kidole pale alipokuwa ameandika mwenyewe: *Hakuishi na mgonjwa. Mama amethibitisha.*

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza, nikakujibu kama nilivyojibiwa."

Akamgeukia Kibibi. "Na wewe, binti? Umewahi kukaa nyumba moja na mtu anayekohoa sana?"

Wifi, swali hilihili alikuwa amemuuliza mwezi wa nne, na mimi ndiye niliyedakia kabla mtoto hajafungua mdomo. Nilisema, "Shangazi yake ameshaandika, hakuna." Kibibi akafunga mdomo wake. Nililelewa kwamba mtoto hasemi juu ya maneno ya wakubwa, nami nikamlea hivyohivyo.

Safari hii alisema. Alisema mjomba kinyozi alikuwa na kikombe chake peke yake, kilichokatika mkono, kilikaa dirishani na hakuna aliyeruhusiwa kukigusa. Alisema chini ya kiti chake cha sebuleni kulikuwa na kopo lenye mchanga la kutemea. Kila mwezi, siku ya Jumanne, saluni ilifungwa, mjomba anapanda basi la kwanza kwenda mji mwingine, anarudi na mfuko wa karatasi, na wewe unauweka juu ya kabati. Safari hizo zilidumu miezi mitano, halafu zikakoma. Alisema mjomba hakuweza kulala chali, kwa hiyo alikesha amekaa sebuleni akikohoa, na sebule hiyo ndiyo aliyokuwa analala yeye, kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwenye kiti. Alipokuuliza ulimwambia ni nywele na poda. Ukamwambia mambo ya nyumba hayatoki nje ya nyumba.

Sikulaani. Nataka kusikia kwa mkono wako mwenyewe. Je, ulijua?

Mama Kibibi

*

14 Oktoba 1988

Mama Kibibi,

Nimeiandika barua hii mara nne, tatu nimezichoma jikoni. Nianze na salamu? Sina uso. Mwambie kaka yangu nimemsalimu, kama atazipokea.

Nilijua.

Nilijua nilipoisoma barua yako ya kwanza. Mapovu yalinikaukia mikononi. Mume wangu aligunduliwa kifua kikuu mwaka wa themanini na tano. Alikwenda kutibiwa mji mwingine ili asionekane kwenye foleni ya hapa. Walimwambia dawa ni miezi mingi. Alimeza miezi mitano, akaongezeka mwili, kikohozi kikapungua, akasema amepona. Kila Jumanne aliyofunga, wateja walikuwa wanauliza anakwenda wapi. Mmoja akasema kwa utani, "Kinyozi ana nyumba ndogo." Akacheka nao, akaona afadhali wadhani hivyo. Baadaye akaacha kwenda.

Wewe unafuma masweta, mtu haijui pumzi yako. Kinyozi anapumulia masikio ya watu. Anashika shingo, anashika kidevu, anakuambia fumba macho. Ungekaa kwenye kiti hicho? Ungempeleka mwanao? Hicho ndicho kilichokuwa kichwani mwangu. Sikuwaza mapafu ya Kibibi. Alikuwa mnene, ana nguvu, hakukohoa hata siku moja kwangu. Nilijiambia kama angepata, angekuwa ameshapata.

Na swali lako ulivyoliuliza! "Umeletwa na nini?" Mimi nilisikia, "Umeletwa na nani?" Nikaona unanifunga kamba, kwamba mtoto wa kaka yangu amepoteza mkono kwa sababu yangu. Barua ya pili uliposema daktari hatafuti wa kulaumu, nilikuwa nimeshasema uongo, na kurudi nyuma nikaona ni kifo. Nilikaa nayo siku tano. Nilichukua kalamu nikaandika ndiyo. Mume wangu akaisoma, akaniuliza, "Unataka tule nini?" Nikaandika hapana.

Sasa hatuli, kama unataka kujua. Ugonjwa umemrudia. Safari hii alikohoa damu kwenye bega la mteja, mbele ya watu sita. Viti vyote vitatu viko tupu, kile kioo kikubwa kimeuzwa. Anatibiwa hapahapa, foleni ya mchana kweupe.

Hayo ni yangu na sitayakana. Lakini na wewe usijikalishe juu yangu kama hakimu. Mdogo wako aliyekufa mwaka mmoja kabla ya harusi yako, mlituambia alikufa kwa uzazi. Uzazi gani, wifi, usio na mimba wala mtoto? Mama yetu alijua kabla hujavuka kizingiti chetu. Aliambiwa na muuguzi aliyekuwa zamu siku ile: msichana wa miaka ishirini na minne, amepooza upande mmoja, na mkono usio na mapigo. Mama akasema, "Binti ni mzuri, tunyamaze." Tumenyamaza miaka ishirini. Na wewe ukamwambia daktari kwenu hakuna ugonjwa huo.

Naomba nije kumwona mtoto. Nitasimama hata dirishani.

Wifi yako

*

27 Novemba 1988

Wifi,

Kibibi yuko nyumbani. Anameza dawa za kifua, na vile vidonge vya mishipa amepunguziwa, si kwa kupenda. Daktari anasema anatembea juu ya ukuta mwembamba. Akipunguza zaidi mshipa unavimba, akiongeza kifua kinamshinda. Damu imekoma. Pafu litabaki na kovu. Shule imempita mwaka huu.

Umesema kweli kuhusu mdogo wangu. Alikuwa anafuma na mimi, mashine hizo tulianza wote wawili. Alikuwa anasema mkono umechoka, nikamwita mvivu. Mkono ulipozidi kuchoka, macho yakaanza kumwingia giza akisimama. Siku moja alianguka katikati ya sentensi. Wazazi wangu walisema tukitaja ugonjwa wa ajabu hakuna mtu atakayenioa, tuseme uzazi. Nikasema uzazi. Nimesema uzazi mara nyingi sana hata wakati mwingine namwona mtoto.

Sasa nikupe na lililobaki, kwa kuwa umeanza wewe kutoa yako. Nilikuandikia "wiki chache". Haikuwa wiki chache. Kibibi alianza kulalamika mkono mwezi wa sita mwaka wa themanini na saba. Nilimpeleka hospitali mwezi wa pili uliofuata. Miezi minane, wifi. Siku ya kwanza aliposema, "Mama, mkono unanifia," nilijua. Nilitambua hata sauti. Nikamwambia asiniletee uvivu hapa, nikamrudisha kwenye mashine. Nilidhani nikikataa kuutambua utaondoka. Nilikuwa nasubiri nesi ayapate mapigo ili nijicheke. Ndiyo maana sikucheka ule mzaha wake.

Daktari nimemwambia kuhusu mdogo wangu, baada ya barua yako. Aliandika. Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni damu yangu?" Akasema ni nadra sana watu wawili wa ukoo mmoja kuupata, pengine kuna kitu cha ukoo, pengine ni bahati mbaya mara mbili. Nikamuuliza, "Au ni kile kifua kikuu cha kwa wifi?" Akasema inawezekana kilichochea, inawezekana hakihusiki hata kidogo. "Mama, umekuja na washitakiwa wawili, na mimi sina ushahidi wa kumfunga hata mmoja. Lakini ungeniambia mapema ningemwona mapema. Na wifi yako angeniambia, mtoto asingekohoa damu." Aliyasema hayo kwa upole kama anayesoma ratiba ya basi.

Kaka yako nilimsomea barua yako yote. Alisikiliza hadi mwisho, akainuka, akaenda kuosha viatu vyake ambavyo vilikuwa safi. Mwezi huu amekuja mara moja. Hakutaja jina lako, wala langu hatamki. Akitaka chumvi anamwomba Kibibi.

Na Kibibi amezisoma barua zote, zako na zangu. Zangu niliziandika mara mbili kabla ya kutuma, nakala zilikuwa kwenye boksi la uzi. Nilimkuta sakafuni amezipanga kwa tarehe. Nilidhani atalia. Alisema, "Mama, mshipa haujulikani umetoka wapi. Daktari mwenyewe hajui, kwa hiyo siwezi kumkasirikia mtu. Lakini kifua kinajulikana. Na miezi minane inajulikana." Akazikunja, akanirudishia.

Nilimwambia, "Mwanangu, nilikuwa naogopa."

Akasema, "Nilikuwa naogopa mimi pia. Mlikuwa mnaogopa juu ya kichwa changu."

Jumatatu iliyopita tulikwenda kliniki. Daktari wetu amehamishwa, yupo mwanamke mgeni, kijana, mwenye sauti ya chini. Alifungua faili jipya akaanza upya tangu mwanzo. Akauliza, je, katika familia kuna mtu aliyewahi kuugua hivi? Je, kuna aliyeugua kifua nyumbani? Maumivu yalianza lini? Nilivuta pumzi nijibu. Nilikuwa tayari kusema kila kitu, wifi, naapa, kila kitu na tarehe zake.

Kibibi akasema, "Mama, tafadhali ningoje nje."

Daktari akanitazama, akamtazama, akaweka kalamu chini. Nikachukua mkoba wangu nikatoka. Nilikaa kwenye benchi la korido, mkabala na mwanamke aliyekuwa akimnyonyesha pacha mmoja huku mwingine akilia. Kupitia mlango nilisikia sauti ya Kibibi, ndefu, haikatizwi. Sikusikia maneno. Alitoka baada ya muda mrefu akiwa na karatasi ya dawa mkononi, akasema twende. Sikumuuliza alichosema.

Unaomba kuja kumwona. Mwandikie yeye. Jina lake liwe juu ya bahasha, si langu. Sijui kama atafungua, na akifungua sijui atakuambia nini. Mimi simjibii tena.

Mama Kibibi